Kiinimacho chepesi cha karata, na kwa nini kinawashika watu

Mtazamaji akifika nyumbani atasimulia alichokiona kwa sentensi moja: "Nilichagua karata, nikairudisha, akaipata." Kiinimacho kinachosimulika hivyo ndicho kinachodumu. Kile ambacho ree nne zinahamahama kutoka fungu hili hadi lile mara tano kinampendeza fundi mwenzako, lakini mtu wa kawaida anapotea katikati. Na aliyepotea hashangai, anachoka tu.

Mwaka 1922, mjini Chicago, mfanya viinimacho Dai Vernon alimwonyesha mwenzake maarufu, Harry Houdini, karata ikiwekwa chini ya ile ya juu kabisa, kisha ikaonekana iko juu tena. Houdini alikuwa akidai kwamba akionyeshwa jambo mara tatu mfululizo lazima aligundue. Vernon alirudia na kurudia, na Houdini hakuligundua. Mbinu yenyewe ilihitaji ufundi, ila kilichoonekana kilikuwa jambo moja tu: karata inapanda. Wepesi unaohesabika ni huo unaomfikia mtazamaji.

Kwa anayeonyesha, mbinu nyepesi ina faida ya pili: akili inatoka kwenye vidole na kwenda kwa watu. Unaweza kumtazama aliyechagua, kumsubiri acheke, kumpa nafasi mwenzake aione karata. Ndiyo maana napendekeza uanze na karata shahidi.

Mpe mtu jozi nzima aichange mwenyewe. Akikurudishia, igongegonge mezani kingo zilingane, na papo hapo iinamishe kidogo uione karata ya chini. Tuseme ni saba ya shupaza. Huyo ndiye shahidi wako. Mtaje moyoni mara mbili, maana anayetazama haraka huchanganya shupaza na maua. Tandaza karata zikiwa zimefunikwa, achague moja, aitazame, awaonyeshe wengine, kisha airudishe juu ya jozi. Sasa kata: inua karibu nusu ya juu uiweke mezani, halafu nusu iliyobaki iweke juu yake. Saba ya shupaza imekaa moja kwa moja juu ya karata yake. Mwambie naye akate mara mbili. Kukata hakuwatenganishi wawili hao, isipokuwa mkato uangukie katikati yao kabisa. Hapo shahidi anakuwa wa mwisho na karata yake ya kwanza. Kwa hiyo ikumbuke daima karata ya kwanza unayoifunua.

Kwa nini mara mbili? Watu wengi hukata karibu na katikati. Mkato wako unampeleka shahidi katikati ya jozi, wa pili unamrudisha karibu na mwisho au mwanzo, wa tatu unamleta tena katikati, na katikati ndipo unapomtaka. Akiwa mwishoni kabisa hutabaki na karata za kutosha kwa hatua inayofuata.

Funua karata moja moja kutoka juu, ukizipanga kwa mstari. Ukiona saba ya shupaza, inayofuata ndiyo yake. Usisite hata kidogo. Ipite, endelea na nyingine tano au sita, kisha shika inayofuata ikiwa bado imefunikwa, useme: "Karata nitakayoigeuza sasa ni yako." Wote wameona yake ikipita, wanaamini umekosea, na wengine wataanza kutabasamu. Rudi kwenye mstari, chukua ile yake, igeuze uifunike. Hapa ukimya wa sekunde mbili una thamani kuliko maneno yoyote. Kisha mpe mkono. Usicheze kwa dau la pesa hata ukichokozwa, kwa sababu watu wameshaumizwa na pata potea mitaani, na pesa ikiingia wanaacha kufurahi wanaanza kujilinda.

Kosa linaloua kiinimacho hiki ni kumwachia mtu achange baada ya kuirudisha karata yake. Mwambie "kata" huku mkono wako ukionyesha kitendo chenyewe.

Kiinimacho cha karata 21 kinafahamika zaidi, lakini mimi nakiweka nyuma. Unapanga safu tatu za karata saba, ukigawa kwa kuzunguka safu zote. Mtu anataja safu yenye karata yake, unaiweka kati ya zile mbili, na unarudia hadi mara tatu. Karata yake inakuwa ya 11, yaani ya katikati, ndiyo maana haijalishi unahesabu kutoka juu au chini. Ukijaza safu moja kwanza kabla ya kwenda nyingine, kila kitu kinaharibika. Tatizo langu ni kwamba kugawa mara tatu kunanuka hesabu. Ukikichagua, usihesabu hadi 11 mbele ya watu: mgao wa tatu ukishatajwa safu, karata yake ni ya nne katika safu hiyo. Unaijua tayari, kwa hiyo tafuta njia nzuri zaidi ya kuitoa.

Mwaka 1584, Mwingereza Reginald Scot alieleza mbinu za karata katika kitabu kilichopinga watu kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Hata leo ni vizuri kusema mapema kwamba huu ni mchezo wa akili na mikono. Mshangao haupungui kwa kusema hivyo.

Ukiombwa urudie, usirudie. Fanya kingine chenye siri tofauti, hasa kinachomjibu yule aliyeanza kushuku kwamba ulichungulia. Mpe jozi ya karata 52 aichange apendavyo. Jihesabie karata 22, yeye abaki na 30, kisha tangaza: "Una nyeusi za kutosha kulingana na nyekundu zangu, na nne za ziada." Wekeni mezani na mhesabu. Ukiwa na nyekundu 9, zake ni 17, kwa hiyo nyeusi zake ni 13, yaani 9 na nne juu. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwani nyekundu zote ni 26 na nyeusi zote ni 26. Ndiyo maana jozi iliyopoteza karata moja au iliyobakiwa na jokari ndani inaweza kukuangusha mbele ya watu wote. Toa jokari na uhesabu kila rangi kabla hujatoka nyumbani.