Daftari la shamba darasa lilivyonipatia kazi

Nilipomaliza shahada ya elimu ya kilimo na ugani, nilijua milango miwili tu: kufundisha kilimo sekondari au kuwa afisa ugani serikalini. Nilituma maombi mwaka mzima. Safari moja niliitwa kwenye usaili, nikafika na kuambiwa nafasi ilishapata mtu wiki iliyopita.

Mwenzangu tuliyesoma naye akanivuta kwenye kikundi cha wakulima kilichokuwa kinaanzisha shamba darasa, yaani shamba ambalo wakulima hukutana kujifunza kwa kulikagua wenyewe. Mshahara hakuna. Nilikubali kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kunanimaliza.

Shamba darasa lilianzia kwenye mpunga, Indonesia, mwaka 1989, chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Dawa zilikuwa zimepulizwa kupita kiasi, zikaua buibui na wadudu wengine rafiki, na mdudu wa kahawia anayefyonza mpunga akazidi kuongezeka. Kumwambia mkulima apunguze dawa hakukutosha. Ilibidi ajionee mwenyewe shambani. Chuoni nilijibu swali la mtihani kuhusu jambo hilo vizuri sana, lakini maana yake niliipata kwenye mtungi wa plastiki.

Wiki ya tatu tulikuta vidukari wamejaa kwenye majani. Mama mmoja, mkubwa kuliko sisi wote, alikuwa ameshabeba bomba la dawa mgongoni. "Mwanangu, hapa wadudu wote ni maadui," akasema. Nilikuwa na maelezo tele, nikayameza. Tulitia mtungini tawi lenye vidukari, tukaongeza mbawakawa wawili wadogo wekundu wenye madoa meusi, tukafunga mdomo kwa chandarua na kuuweka kivulini. Kesho yake vidukari walikuwa wa kuhesabika. Mama akauzungusha mtungi mbele ya macho yake, kimya, kisha akauliza: "Nikipiga dawa, na huyu anakufa?" Nikamjibu, "Naye anakufa, mama." Akalitua bomba.

Usiku ule nilianza daftari. Kila wiki niliandika mimea tuliyokagua, wadudu waharibifu na rafiki, uamuzi wa kikundi, waliohudhuria wanawake kwa wanaume, na safu ya mwisho: nani amekwenda kujaribu kwenye shamba lake. Safu hiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Kwenye usaili wa mradi mmoja niliulizwa nimewahi kufanya nini, nikalifungua daftari mezani. Waliniajiri kitengo cha ufuatiliaji na tathmini, yaani kupima kama kazi ya mradi inaleta mabadiliko, idara ambayo sikuwahi kuiombea, nikidhani ni ya watu wa takwimu. Kumbe walihitaji mtu anayejua kumuuliza mkulima swali bila kumwekea jibu mdomoni.

Kabla ya hapo nilipitia kampuni ya pembejeo. Wanalipa mapema na wanakufundisha kusimamia mashamba ya mfano, hilo nakiri. Ila kazi yangu ilipimwa kwa mauzo, na nilipotakiwa kupendekeza dawa kwenye shamba lisilohitaji, niliondoka. Najua wenzangu wanaofanya kazi hiyo kwa heshima. Mhitimu aulize tu, kabla ya kusaini, atapimwa kwa kipi.

Wengine tuliosoma pamoja wametawanyika: mmoja anatayarisha vipindi vya kilimo redioni, mwingine yuko benki akitathmini mikopo ya wakulima, mwingine anaandaa mitaala ya vyuo vya ufundi, na mwingine yupo kituo cha utafiti, akiwaunganisha watafiti na wakulima wanaojaribu mbegu mpya. Hakuna tangazo hata moja la kazi hizo lililoandika "elimu ya kilimo". Yaliandika uwezeshaji, mafunzo, mawasiliano, mikopo. Nilipoanza kutafuta kwa maneno hayo, nafasi za kuomba ziliongezeka sana.

Sasa ninawafunza wawezeshaji wa mashamba darasa, na huwa nashiriki kuwasaili wahitimu. Mwombaji akija na kumbukumbu zake, naanza na mahudhurio: wiki ya kwanza walikuwa wangapi, na ya kumi walibaki wangapi.