Nilivyowaua samaki wangu kwa usafi, na sasa nabadilije maji

Mi nilianza kufuga samaki wa urembo mwaka juzi hapa Tabata, akwariamu ya futi mbili, kama lita 60 hivi, na goldifishi wanne wadogo. Nikamuuliza aliyeniuzia maji nibadili kila baada ya muda gani, akanijibu bila hata kufikiria, "Dada, ukiona yamechafuka we mwaga yote, osha, weka mengine." Nikaona kazi rahisi hiyo.

Wiki ya tatu maji yakaanza kuwa na ukungu. Basi nikawatoa samaki nikawaweka kwenye beseni, maji yote nikamwaga, changarawe nikaziosha kama naosha mchele, sponji ya filta nikaifikicha chini ya bomba mpaka ikarudi rangi ya dukani. Nikajaza maji ya bomba hapo hapo, na siku hiyo yalikuwa yananuka jiki. Jioni akwariamu inang'aa, nimekaa naitazama kwa raha zangu. Asubuhi wawili wanaelea tumbo juu, wawili waliobaki wako juu kabisa mwa maji wanahema, mapezi wameyabana mwilini.

Kumbe ile sponji niliyoisugua ndo ilikuwa na uhai wa tenki zima. Samaki anatoa amonia, na amonia ni sumu, sasa kuna bakteria wanaokaa kwenye sponji na changarawe wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia kama sio nyingi. Hao bakteria kwenye tenki jipya wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kukaa sawa. Mi walikuwa ndo wanaanza anza, nikawasugua, na waliobaki wakamaliziwa na klorini ya bomba.

Baada ya hapo nikaingiwa na woga, nikakaa karibu miezi mitatu sibadili kitu. Maji yalikuwa safi ukiyatazama, yanapungua tu kama vidole viwili kila wiki, si unajua joto la Dar, na mi naongezea ya kisima nikijua ndo nabadili. Sio kubadili huko jamani. Maji yakiwa mvuke chumvi inabaki, naitreti inabaki, wewe unaongeza chumvi nyingine juu yake. Kisima chetu chenyewe kina chumvi, mpaka kioo kikaweka mstari mweupe mgumu ambao niliutoa kwa ndimu na hasira. Samaki wakawa wamepooza, nikaagiza vile vipimo vya matone kwa jamaa aliyekuwa anaenda Nairobi, kupima naitreti rangi ikaja nyekundu, zaidi ya miligramu 80 kwa lita. Wengi wanataka isipite 40, na ikiwa 20 ndo nzuri zaidi.

Hapo mkono ukaniwasha nimwage yote tena. Nikajizuia, maana samaki alishayazoea maji mabaya na ukimbadilishia yote ghafla mshtuko wenyewe unaweza kumuua. Nikawa natoa lita 10 kila baada ya siku mbili, kama wiki mbili hivi, mpaka kipimo kikashuka.

Sasa hivi nina utaratibu: Jumapili asubuhi robo ya maji, yaani lita 15, ndoo moja isiyojaa. Maji nakinga Jumamosi yanakaa wazi siku nzima na usiku klorini itoke, ila kama bomba lenu linatiwa kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, kuyaacha wazi hakusaidii, nunua dawa ya kuondoa klorini. Na usichote mchana kwenye tanki la juu ya nyumba, maji yanatoka ya moto kama ya kuogea, mi nayaacha yawe na uvuguvugu uleule wa akwariamu, natumbukiza mkono kote kuwili nalinganisha. Kutoa natumia mpira, nanyonya kama wale wanaonyonya petroli kwenye gari (nimeshayameza, usiombe), ncha naipitisha kwenye changarawe ivute kinyesi. Sponji nayo mara moja kwa mwezi, naikamua ndani ya hiyohiyo ndoo ya maji machafu, inatoa tope la kahawia, narudisha. Bombani haiendi tena. Maji ya ndoo namwagia mchicha, unastawi balaa.

Ila robo kwa wiki ni ya kwangu mimi, goldifishi wawili kwenye lita 60, na hao ni walaji na wachafuzi kwelikweli. Jirani ana tenki la futi nne, magapi (samaki wadogo wa urembo) wachache na majani mengi ya maji, anabadili kila baada ya wiki mbili na kipimo chake kizuri kuliko changu. Na chakula kinabadili hesabu: mtoto wa dada alipokuja likizo alikuwa anawapa chapati kwa siri, Jumatano tu nakuta maji yana utelezi na harufu, likizo nzima nikawa nabadili mara mbili kwa wiki.

Wale wawili walionusurika sasa kila mmoja anakaribia kiganja changu, lita 60 zimewabana. Nadunduliza hela ya tenki la futi nne, nalo nikilinunua sponji hii ya zamani naihamishia huko na tope lake hivyo hivyo.