Nilivyopimwa mishipa ya moyo kwa CT, na chai iliyonirudisha kesho yake

Nyumbani kwangu ni Mabatini, jijini Mwanza, juu kwenye mawe. Kutoka barabarani napanda ngazi ambazo wanangu huzikimbia. Mwaka jana nikaanza kusimama katikati: kifua kinabana kana kwamba nimetwishwa gunia la dagaa kifuani, nikipumzika dakika mbili tatu kinaachia. Nikasema ni uchovu wa kazi ya sokoni Mwaloni, maana pale Kirumba mzigo ukiwa mwingi tunaamka saa tisa usiku. Mke wangu akakataa. "Baba, uchovu gani huo unaokungojea kwenye ngazi ileile kila siku?"

Hospitalini walikuta presha iko juu na lehemu, yaani mafuta kwenye damu, iko juu. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi. Nilipotaka kushangilia, daktari akanizuia: ile imepimwa nikiwa nimelala, na mshipa uliosinyaa unaweza kunyamaza mpaka uupe kazi. Akanieleza njia mbili za kuiona mishipa yenyewe. Ya kwanza ni kupitisha mrija mwembamba mkononi au kwenye kinena hadi kwenye moyo. Ya pili ni CT, picha za mionzi zinazounganishwa na kompyuta: unachomwa dawa kwenye mshipa wa mkono, mashine inapiga picha, unarudi nyumbani. Hakunificha kwamba CT inaonyesha tu, haizibui. Ikikuta pameziba sana, mrija uko palepale. Lakini kwa mtu ambaye dalili zake zinatia shaka na bado hazijathibitika, inaweza kumwepusha nao. Nikapimwa figo kwanza, kwa sababu dawa ile ina iodini na hutoka kwa njia ya mkojo, kisha nikapewa rufaa ya Dar es Salaam.

Karatasi ya maelekezo ilisema nisinywe kahawa tangu siku moja kabla. Mimi si mtu wa kahawa, nikaona hilo halinihusu. Nikapanda basi stendi ya Nyegezi alfajiri. Singida nikanywa chai ya rangi, Dodoma nikaongeza, na giza lilipoingia nikanunua soda nyeusi ya kufukuza usingizi. Asubuhi sista akanipima mapigo: 88 kwa dakika.

"Mzee wangu, tangu jana umekunywa nini?"

Nikamtajia vyote. Akaniambia kwa upole kwamba chai ya rangi na soda nyeusi nazo zina kafeini. Moyo hautulii hata sekunde, na mashine huvizia kile kipindi kifupi katikati ya pigo na pigo. Moyo ukienda mbio, picha inatoka na ukungu, na palipo na ukungu daktari hawezi kusema kama mshipa umeziba au la. Walitaka mapigo yafike kama 60. Nikapewa kidonge cha kuyapunguza, nikakaa zaidi ya saa nzima, yakagoma kwenye 76. Nikaambiwa nirudi kesho. Nililala kwa shemeji yangu Mbagala, na jioni ile nilikunywa maji matupu. Uliniuma sana ule usiku wa pili, nikifikiria nauli na mzigo niliouacha Mwaloni.

Kesho yake, baada ya kidonge, mapigo yalikuwa 59.

Kabla ya kuingia sista aliniuliza swali ambalo wanaume wenzangu naomba mlijibu kwa ukweli: umetumia dawa za nguvu za kiume siku hizi mbili tatu? Wanapuliza dawa chini ya ulimi ili mishipa ya moyo itanuke ionekane vizuri. Dawa hiyo ikikutana na zile za nguvu, presha inaweza kuporomoka vibaya. Mzee mmoja kwenye foleni alimwomba sista wasogee pembeni ndipo amjibu, na alifanya la maana.

Kilichobaki ni pumzi. Mimi nimekulia Igombe, ziwani, kwa hiyo nilijaza kifua kama mtu anayezamia. Mtaalamu wa mionzi akanisahihisha: vuta ya kawaida, shikilia, usijikaze, maana ukijikaza mapigo nayo yanabadilika. Tukafanya zoezi mara tatu. Ile dawa ya iodini ilipoingia nilisikia joto kooni, likashuka kifuani, likafika kinena hadi nikadhani nimejikojolea, na mdomoni ladha ya chuma. Nilikuwa nimeambiwa mapema, sikushtuka. Pumzi moja ya sekunde kama kumi, kitanda kikasogea, ikawa imekwisha. Kilichonisumbua baadaye ni kichwa tu, kwa ile dawa ya chini ya ulimi.

Daktari alinigeuzia kioo nikaona mshipa wangu wa mbele, na pembeni yake doa jeupe. "Hii ni chokaa kwenye mafuta yaliyoganda ukutani." Njia ilikuwa imepungua, ila chini ya nusu, na damu ilikuwa inapita. Sikuhitaji mrija. Akasema kile kifua kubana huenda kinatokana na presha iliyoachwa muda mrefu, akaandika dawa ya presha na ya lehemu, ya lehemu nisiiache hata nikijisikia mzima, na maumivu yakija nimekaa tu, yasipoachia, nikimbilie hospitali papo hapo.

Mwezi uliopita kliniki walinipima, presha ni 128 kwa 80. Ngazi za Mabatini nazipanda polepole. Juzi nilifika mlangoni bila kusimama, nikamkuta mke wangu anachambua dagaa, akaniangalia tu, akasogeza kigoda.