Sumu za Kuvu Zinazodhuru Magugu

Kuvu ya Alternaria alternata hutoa tentoksini, sumu inayokizuia kimeng'enya cha kutengeneza ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) ndani ya kloroplasti, sehemu za kijani za seli zinazonasa mwanga, na kuyafanya majani ya miche michanga yapoteze ukijani. Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni makulosini, ambayo wanakemia wa Marekani waliieleza mwaka 1988 baada ya kuipata katika kuvu hiyohiyo iliyokuwa ikishambulia gugu la Centaurea maculosa: molekuli ndogo, iliyoundwa kwa asidi za amino mbili tu, prolini na tirosini, lakini yenye kulitia gugu hilo madoa meusi na kuiacha mimea mingine iliyojaribiwa. Ubaguzi wa namna hiyo ni nadra. Sumu nyingi za kuvu hazichagui, na kwa maoni yangu zinastahili kupimwa kwa ukali uleule unaotumika kwa viuagugu vya viwandani.