Nimemtafuta babu mzaa babu Upanga

Jana nimeshinda kutwa pale Nyaraka za Taifa, Upanga, nikimtafuta babu mzaa babu. Kwetu inasimuliwa kwamba alikuwa askari wa Mjerumani, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha akawekwa kambini Tabora.

Historia yenyewe inajulikana. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, lilisalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne nzima baada ya Ulaya kunyamaza. Wajerumani wakaletwa huku Dar, askari weusi wakafungiwa Tabora, na mafua makali yaliyoua wengi mwaka ule yakawakuta humohumo.

Nikafunguliwa jalada. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai, pembeni imeliwa na mchwa, ukiigusa inaacha unga kidoleni. Wazungu wameandikwa jina, cheo, kikosi. Nikafunua, nikafunua. Askari wetu? Idadi tu. Niliinamisha kichwa mezani kidogo, naomba msinishangae.

Msalaba Mwekundu Geneva wana kadi za wafungwa wa vita ile, mamilioni, na zinasomeka mtandaoni bure. Nimeanza kuzipekua usiku, najaribu jina kwa kila tahajia, maana karani wa Kizungu aliandika alivyosikia: Juma, Djuma, Dschuma.

Wenye wazee Tabora, nawaomba sana: waulizeni kambi ilikuwa upande gani, na waliokufa walizikwa wapi. Jumatatu narudi Upanga, yamebaki majalada mawili.