Mkutano wa wazazi siku ya soko

Kila likizo ya Agosti mwalimu wa vijana kanisani kwetu, hapa Manyatta mjini Kisumu, hulalamika kwamba wazazi hawaji kwenye mkutano wa Jumapili wa kupanga kambi ya vijana. Wazazi gani, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye? Mimi nauza omena, yaani dagaa, pale. Nikifunga mapema, karo ya muhula wa tatu itatoka wapi?

Nilimwambia hivyo hivyo. Akauhamisha mkutano hadi Jumatano jioni, na akina mama tukajaa. (Akina baba walikuwa wachache, tena wamekaa mlangoni kama wanaosubiri matatu.) Tukaulizwa nani atapika kambini, nani atalala bwenini na wasichana. Nikajitolea bwenini. Binti yangu amenuna tangu siku hiyo, eti nitamwaibisha mbele ya wenzake. Atazoea.