Kompyuta ya steshenari kwa laki tano: nilipobana na nilipofungua mkono

Rahisi ghali, watu husema. Kwenye vipuri vya kompyuta mimi nauamini msemo huo nusu tu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya mtumba ikishapimwa ikawaka vizuri, ni nadra kukusumbua tena. Pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikiwa mpya ya bei ya kutupa, hata kama bado ina nailoni yake, inaweza kuondoka na mazabodi (bodi kuu) na diski siku moja.

Kwa hiyo kila kipuri nilikiuliza swali moja: kikifa, kinakufa na nini?

Kariakoo winga alinionyesha kesi mpya, taa za rangi, pawa saplai ya “wati 500”. Nikaigeuza nikasoma kibandiko. Mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha prosesa, uliandikwa ampea 18. Zidisha: wati 216. Hizo 500 zimetoka wapi?

“Bosi, mbona unasoma kama mtihani?”

Nikamshukuru, nikaenda kwenye maduka ya mtumba wa maofisini. Huko nilichukua kompyuta ya Dell OptiPlex 7020, ile kubwa ya kusimama, yenye Core i5-4590. Pawa saplai yake imeandikwa wati 290 tu, lakini prosesa yenyewe imepangiwa wati 84, na kwa kuchapa na kuskani sihitaji kadi ya picha. Ina udhia wake: mazabodi inapokea plagi ya pini 8 badala ya zile 24 za kawaida, hivyo pawa saplai ikiungua huchomeki yoyote ya dukani bila adapta. Niliona bora udhia huo kuliko zile taa.

Ramu nilinunua ya mtumba pia, DDR3 ya GB 8, kwa makubaliano kwamba nikikuta kosa naibadilisha. Nikaiacha MemTest86, programu ya kupima ramu, ikizunguka usiku kucha. Ilipita.

SSD, diski ya kuhifadhia, ndipo nilipofungua mkono, maana humo mnakaa mafaili ya wateja. Kulikuwa na ya GB 512 yenye jina nisilolijua, na Kingston A400 ya GB 240 kwa karibu bei ile ile. Nikachukua ndogo. Mtengenezaji wake anataja kwamba inahimili kuandikwa data TB 80 (yaani GB 80,000) na waranti ya miaka mitatu. Hata ningeandika GB 20 kila siku, ni siku 4,000. Ile kubwa haikusema lolote. Namba hizo hazizuii diski kufa kesho, ndiyo maana kila jioni nakala inaenda kwenye diski ya nje.

Chenji iliyobaki ikaenda kwenye UPS ndogo, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, kwa sababu mtaani kwetu umeme hukatika na kurudi ghafla. Kibodi, mausi na skrini ya inchi 19 ni mtumba wa bei ya chini kabisa. Vikifa, nanunua vingine siku hiyo hiyo na kazi inaendelea.